Mgonjwa wa Ulevi Asiachwe Peke Yake



Desturi ya kurasa hizi ni kueleza khabari za mikarafuu, bei na mizani. Lakini nyumba ya mkulima haina karafuu tu. Ina watoto pia, na wengine huvuka kwenda bara kutafuta riziki. Mzee mmoja katika wanachama wetu alifika ofisini kutaka shauri juu ya mwanawe aliyeko Chemba. Kwa idhini yake, na bila ya kumtaja jina, twaieleza khabari hiyo, kwani yaweza kumfaa mwengine.

Chemba ni wilaya ya Mkoa wa Dodoma, iliyogawanywa kutoka Kondoa mwaka 2012. Ni nchi kavu, ya mtama, uwele, alizeti na ufuta. Kijana alikwenda huko kununua ufuta. Pombe ya mtama haikosekani, na gongo, ingawa ni marufuku, huuzwa kwa siri. Sasa kila asubuhi mikono yamtetemeka mpaka anywe. Mzee alikwisha azimia: "Bwana Katibu, nitamfuata, nimlete, nimfungie chumbani siku saba. Atatoka mzima."

Tulimwambia: Mzee, subiri kwanza. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafla, waweza kuleta kifafa, kuweweseka, na hata mauti. Siku tatu nne za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Mtu wa namna hiyo aanzie kwa daktari, si chumbani kwenye kufuli. Na katika mji wa Dodoma iko Hospitali ya Mirembe, ya maradhi ya akili, ambayo hutibu pia watu wa ulevi.

Lakini dawa hutuliza mwili tu. Kukaa mwezi baada ya mwezi bila ya pombe ni kazi nyengine, na kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana pakawa na mikutano ya walevi wenyewe wanaotaka kuacha.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron. Alikuwa ameacha pombe miezi michache, na biashara yake ikaharibika. Hamu ikamjia. Badala ya kuingia baa, alishika simu akawapigia viongozi wa dini wa mji ule, akitafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye. Akafikishwa kwa daktari mmoja, Robert Smith, naye mgonjwa wa pombe. Wakazungumza masaa mengi. Hao wawili ndio waliouanzisha umoja wa Alcoholics Anonymous, ambao sasa umeenea duniani.

Mikutano yake haina fakhari. Watu huketi, mmoja hueleza alivyokunywa, alivyoacha na anavyoishi leo. Wengine husikiliza bila ya kumkata maneno wala kumhukumu. Hapana ada, anayetaka hutia kidogo kwenye chombo. Jina la ukoo halitakiwi, na linalosemwa hapo halichukuliwi nje. Sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Mgeni akipenda kunyamaza, na anyamaze.

Baadhi yetu tutauliza: je, Muislamu aweza kuketi hapo? Mafunzo yake humtaja Mungu kama kila mtu amjuavyo. Na mwaka 1989, katika mji wa Baltimore, Waislamu walianzisha umoja wao, Millati Islami, wakazilinganisha hatua zile kumi na mbili na dini yetu. Hapa Zanzibar hatua hizo si ngeni. Nyumba za upataji nafuu zimezitumia tangu mwaka 2009 kuwasaidia vijana waliotekwa na dawa za kulevya.

Basi mtu wa Chemba atafuteje? Aulize kituo cha afya, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, imamu au padri, kama alivyofanya Wilson. Anayefahamu Kiingereza aweza kusikiliza mikutano kwa intaneti saa yoyote. Na asipoona mkutano karibu naye, amtafute mmoja tu aliyeacha pombe, waketi pamoja. Kwa kanuni za umoja ule, wawili au watatu waliokusanyika ili waache pombe wanatosha kuwa kundi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Tangu mwaka 1951 uko umoja wa jamaa za walevi, Al-Anon, ambao huwafundisha kwamba wao sio walioleta maradhi hayo, wala hawawezi kuyaponya kwa nguvu. Jamaa wasimlipie madeni ya pombe, wasimtukane mbele za watu, wala wasikate salamu.

Ndugu wakulima, kila mmoja wetu ajua kwamba karafuu mbichi ikifungwa guniani huvunda, na ikianikwa hukauka ikapata thamani. Siri ya ulevi ni hivyo hivyo. Mwenye jamaa wa namna hii, awe hapa au bara, asione haya kufika ofisini. Mlango tutaufunga, na jina lake hatutaliandika.

Katibu