Uvimbe wa ubongo: mutu wa Katanga atapasuliwa wapi?

Mwezi huu tuongee juu ya ugonjwa ambao watu wetu wanaogopa hata kuutaja: uvimbe ndani ya kichwa. Usigeuze ukurasa haraka. Najua utasema, «Sisi tuko na malaria na tifoide, mambo ya ubongo ni ya Wazungu.» Uvimbe hauulizi mutu anatoka wapi.

Tuseme mama mumoja wa Katuba anaanza kuumwa kichwa. Kinauma sana asubuhi anapoamuka, anatapika, kisha muchana anapata nafuu. Wanamupa dawa ya malaria. Miezi inapita. Macho yanaanza kuona giza, mukono mumoja unalegea, na siku moja anaanguka sokoni na kutetemeka. Majirani wamoja wanasema ni kifafa, wengine wanasema amelogwa. Anapelekwa kwa chumba cha maombi, anafungishwa siku saba bila kula. (Mimi ni muchungaji, ninaomba kila siku. Lakini kumunyima chakula na dawa mutu anayeanguka, hayo si maombi.) Na kama mugonjwa ni mutoto, ni vibaya zaidi, sababu katika muji wetu watu ni wepesi kumuita mutoto mulozi.

Maumivu mengi ya kichwa si uvimbe, usiingiwe na hofu. Lakini alama hizo zikija pamoja, ao mutu muzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, apelekwe kwa munganga na kichwa kipigwe skaneri. Uvimbe uko wa aina nyingi. Moja inaitwa meninjiome: inaota kwenye ngozi inayofunika ubongo, inakomaa polepole kwa miaka, na mara nyingi si kansa. Ikiondolewa yote, mutu anaweza kurudi kwa kazi yake na kuona wajukuu. Njo maana kuchelewa kunauma sana: kuko watu wanaozikwa na uvimbe ambao ungeweza kutolewa.

Kuutoa kunaomba nini? Tunafikiri ni munganga na kisu tu. Kunaomba skaneri inayotumika, na mutu anayejua kusoma picha zake. Kunaomba umeme usiokatika, na sisi wa Lubumbashi tunaijua SNEL. Kunaomba munganga wa kulalisha mugonjwa, damu ya akiba, chumba cha kumuchunga usiku na muchana. Kimoja kikikosa, kazi yote imesimama. Skaneri bila fundi na bila umeme ni sanduku tu. Na munganga mwenyewe wa kupasua ubongo anasoma zaidi ya miaka 10. Inchi yetu iko na watu zaidi ya milioni 100, na waganga hao ni wachache sana. Kwa hiyo jamaa inauzisha parsele, inapita Kasumbalesa, inaenda Ndola ao Lusaka. Wenye feza wanafika Afrika ya Kusini na India. Wengine wanabaki nyumbani na mugonjwa wao.

Wazee wa Gécamines watakumbuka wakati mufanyakazi, bibi yake na watoto walitunzwa kwa hospitali ya kompani. Tusiutamani ule wakati kupita kiasi, sababu asiye na namba ya kazi alibaki inje. Lakini wafanyakazi zaidi ya 10 000 walipoachishwa kazi kuanzia mwaka 2003, jamaa nyingi zilipoteza hata hiyo.

Wakubwa wa dunia wamesema mengi. Mwaka 2001, kule Abuja, inchi za Afrika ziliahidi kutia 15% ya bajeti yao kwa afya. Kongo ilibaki mbali sana na hesabu hiyo. Mwaka 2015 wataalamu walihesabu kwamba watu milioni elfu tano duniani hawawezi kupata operasio iliyo salama na ya bei wanayoweza, na mwaka ule ule mukutano wa afya wa dunia, Geneva, ulikubali kwamba kupasua ni sehemu ya afya ya wote. Septemba 2023 serikali yetu ilianza kule Kinshasa mupango wa kuzalisha mama bure. Nimefurahi kwa hilo. Lakini kwa mugonjwa wa ubongo, bado ni mufuko wa jamaa unaolipa.

Angalia Haydom, hospitali ya Walutheri katika vijiji vya Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1955. Mwaka 2006 alifika pale munganga wa Marekani, Dilan Ellegala. Badala ya kupasua tu na kurudi kwao, alimufundisha munganga musaidizi wa pale, Emmanuel Mayegga, kufanya operasio za kichwa. Mayegga naye akafundisha mwingine. Waganga wamoja walikataa, wakisema ni hatari kumupa kazi hiyo mutu asiyemaliza masomo yote. Hofu yao ni ya kweli, mimi pia singependa haraka. Lakini mugeni anayeacha mwanafunzi amefaa kuliko mugeni anayeacha mashini.

Sasa sisi, watu wa migodi. Sheria ya migodi ya Machi 2018 inaomba kila kompani inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Kwa mauzo ya dola milioni 1 000, hiyo ni dola milioni 3. Feza hiyo inaongozwa na shirika ambamo wajumbe wa wenyeji wanakaa pamoja na watu wa kompani. Tena 15% ya ushuru wa madini inaenda kwa komini, sekta ao sheferi yenye mugodi. Mara nyingi tunaomba pompa ya maji na masomo, na ni vizuri. Hatuwezi kudai hospitali ya ubongo kila kijiji. Lakini kompani kadhaa zikiunganisha sehemu ndogo, zinaweza kulipia kijana mumoja munganga masomo ya kupasua ubongo, na mwingine ya kulalisha wagonjwa, kwa mapatano ya maandishi kwamba watarudi kutumika hapa.

Mujumbe wenu katika shirika hilo ni nani? Mutafuteni mbele ya mukutano wake unaokuja. Mumuulize mwaka huu kiasi gani kiliingia kwa afya, na ni kijana gani wa kwetu ametumwa kusoma.