Hesabu ya mama wa ndizi: mara ishirini, toa

Kilichonishika sokoni Mkuu, wilayani Rombo, ni hesabu. Mama mmoja anayekusanya mikungu ya ndizi vijijini na kuipeleka Tarakea, mpakani, kwa wanunuzi wa Kenya aliulizwa na mwenzake noti ya elfu ya Kenya ni shilingi ngapi za kwetu. Hakugusa simu. "Elfu ishirini, toa elfu," alijibu, akaendelea kupanga mikungu.

Nilimwamkia, nikamwomba anifundishe. Akanisogezea gunia nikae.

Msingi ni ishirini, alieleza, maana hesabu yake haisumbui: zidisha kwa mbili, ongeza sifuri. Halafu unatoa. Shilingi ya Kenya ikiwa kumi na tisa, unatoa fedha yenyewe mara moja: mia tano ni elfu kumi, toa mia tano, zinabaki elfu tisa na mia tano. Ikiwa kumi na nane na nusu, unatoa mara moja na nusu. Ikiwa kumi na sita, unatoa mara nne, na hapo, alisema, unauza ili ndizi zisikuozee tu.

Siku hizo anazikumbuka. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya, na shilingi moja ya Kenya haikufikisha 16 zetu. Mkungu wa mia tano ulimpa chini ya elfu nane. Kufikia katikati ya mwaka, mia tano ile ile ilikuwa elfu kumi.

"Ndizi ni zile zile, mteja ni yule yule," alisema. "Sasa mwanangu, ile elfu mbili alikuwa nayo nani?"

Jibu linaanzia Nairobi. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipa Juni 2024, na wengi walihofu ingeshindwa. Februari serikali yake ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, hofu ikatulia, shilingi yake ikapanda. Yetu nayo ilikuwa ikishuka mbele ya dola. Uamuzi wa mabwana wa fedha ukafika hadi kwenye mgomba wa Rombo bila mtu kumwambia mwenye mgomba.

Lakini mama huyu hashangilii. Sabuni na mafuta ya kupikia anayonunua ng'ambo ya mpaka yalimpandia kwa kiwango kile kile. Mbolea na petroli huagizwa kwa dola, na gari la kubebea mikungu linakunywa petroli hiyo. Anachokipata Tarakea, alisema, kinamtoka kabla hajafika nyumbani.

Wazee wake hawakuhitaji hesabu hii. Hadi 1966 pande zote mbili zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyolengwa kuanza 2024 imesogezwa hadi 2031.

Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni humu nchini. Shilingi yetu inastahili kulindwa. Lakini mnunuzi akija na noti ya Kenya wakati ndizi zinaiva, amrudishe? Aliniuliza hivyo, sikuwa na jibu la kumpa.

Kinachomuumiza zaidi ni kutojua. Bei ya kuchenji huisikia akiwa tayari Tarakea, kutoka kwa vijana wanaomchenjia, mikungu imeshapakuliwa. Ilhali Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kila siku ya kazi kiwango cha shilingi ya Kenya kwenye tovuti yake. Halmashauri ya Rombo iweke ubao kwenye malango ya masoko ya Mkuu na Tarakea, na kila asubuhi ya soko kiwango hicho kiandikwe kwa chaki, kwa tarakimu kubwa. Hesabu inayobaki akina mama wanaiweza.