Kelele Ndani ya Motokari ya Wagonjwa

Pengine mtashangaa kuona katika kitabu cha mafundisho ya afya habari za milango ya motokari na mipira yake. Lakini motokari iletayo mgonjwa ni sehemu ya hospitali, kama vile chumba cha kuzalia kilivyo sehemu yake. Chumba kikiwa na uchafu twakifagia. Motokari ikiwa na kelele nyingi, imetupasa kuitunza vile vile, kwa maana kelele yaweza kumdhuru mgonjwa.

Wazee wetu wa Masisi na Walikale walimchukua mgonjwa kwa tipoyi, na hata leo, mahali pasipo njia ya magurudumu, vijana hutia mabega yao chini ya miti na kwenda. Tipoyi ina taabu zake, nayo huchelewa. Lakini ina jambo moja jema: mgonjwa akiita kwa sauti ndogo, husikiwa. Katika motokari ya bati, mama aliyezaa asubuhi, na damu ingali ikimtoka, aweza kusema mara tatu, "Nasikia kizunguzungu," na mwuguzi aliyeketi karibu naye asisikie neno hata moja.

Kelele humnyima mwuguzi masikio yake. Kupima tansio kwa kusikiliza mshipa wa mkono, kusikiliza mapafu, kusikia moyo wa mtoto aliye tumboni, haya yote hayawezekani wakati bati linapogonga.

Tena kuna ugonjwa ambao kelele yenyewe huuzidisha, nao ni pepopunda. Mtu amejikata kwa jembe au amechomwa na msumari, naye hakupata chanjo. Baada ya siku kadhaa taya lake hukaza. Mtu huyo akiguswa kwa nguvu, au akimulikwa na taa, au mlango mmoja ukigonga kwa kishindo, mwili wake wote hukakamaa, mgongo hupindika kama upinde, na pumzi yaweza kukatika. Ndiyo maana hospitalini twamweka mahali penye giza na utulivu. Je, yafaa nini kumwandalia chumba cha utulivu, ikiwa amegongwagongwa na kelele kutwa nzima njiani?

Nasi tusisahau jambo lingine. Tangu mwaka 1993, vita vilipoanza huko Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, watu wetu wamesikia milio ya bunduki mara nyingi mno. Mlango wa nyuma ukipiga bati ghafula, wako watoto, hata na watu wazima, ambao hujitupa chini kabla hawajajua ya kuwa ni mlango tu.

Kelele hutoka wapi?

Magari mengi ya wagonjwa kwetu ni Toyota Land Cruiser yenye paa gumu la bati, milango miwili mbele na miwili nyuma, na mashini ya dizeli. Ni gari la nguvu, nalo lastahimili matope yetu. Halikutengenezwa kwa ajili ya kupumzisha masikio.

Watu wa Ulaya na Marekani wakieleza jinsi ya kutuliza gari la namna hii, hutaja sana kelele ya upepo. Kwao ni kweli, maana waenda kilomita 100 kwa saa juu ya lami, na kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo sauti ya upepo inavyokua upesi. Lakini kupanda kutoka Sake kwenda Masisi, au kushuka msituni kuelekea Walikale wakati wa mvua, mara nyingi motokari haipiti kilomita 20 kwa saa. Upepo gani utapiga kelele hapo? Kwa hiyo fundi akiwaambia mtoe fedha nyingi kwa ajili ya upepo, mwulizeni kwanza anaijua njia gani.

Upepo husumbua mahali palipo na lami tu. Hapo chanzo chake mara nyingi ni chuma cha kubebea mizigo juu ya paa. Kikiwa kitupu hupiga filimbi, basi yafaa kukiondoa kama hakitumiki. Mkanda wa kufungia mzigo, ukipita katika upepo ukiwa bapa, huvuma kama mzinga wa nyuki. Uusokote mara moja au mbili kabla ya kuukaza, nao utanyamaza.

Adui mkubwa wa kwetu ni vitu vilivyolegea. Jeki chini ya kiti, spana ndani ya sanduku la bati, dumu la mafuta, chupa ya oksijeni isiyofungwa, kitanda cha mgonjwa kisichokaa sawasawa katika reli zake, mkanda wa kiti unaopiga nguzo ya mlango. Kila kimoja ni kidogo, lakini vikipiga pamoja hufanya kelele kuliko mashini. Kuvitafuta si kazi ngumu. Shofere aendeshe polepole mahali penye mawe, mtu mwingine akae nyuma pasipo mgonjwa, ashike kwa mkono kitu kimoja kimoja. Kelele ikikoma anaposhika, amekipata.

Dawa yake haina gharama. Mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, ule wa lori, ukikatwa kuwa kamba pana, hufunga vizuri kuliko kamba ya nailoni, kwa kuwa hujivuta na kurudi. Kipande chake kikiwekwa kati ya chuma na chuma huzuia mgongano. Spana zifungwe ndani ya kitambaa kinene. Na chupa ya oksijeni ifungwe mahali pawili, juu na chini. Hiyo si kwa kelele peke yake: chupa nzito ikiruka yaweza kumvunja mgonjwa mguu.

Hapa ninyi washirika wa kanisa mna sehemu yenu. Mnapomsindikiza mgonjwa mkaweka kuku, masufuria na madumu matupu chini ya kitanda chake, mnaongeza kelele pale pale penye kichwa chake. Chukueni vilivyo vya lazima, navyo vifungwe.

Mipira ya milango, na hewa ya sumu

Njia ya pili ya kelele ni matundu. Mahali ambapo hewa hupita, sauti hupita pia, na vumbi nalo hupita. Mpira wa mlango ukisha kuwa mgumu au kubanwa bapa hauzuii kitu. Pima hivi: weka kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu yake, ufunge mlango, kisha uvute karatasi. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka hapo. Ama usiku, mtu aingie ndani na tochi, mwingine atazame nje. Palipo na mwanga pana njia. Pengine mpira bado ni mzima, bali bawaba au kitasa kimelegea na mlango hauketi vema. Basi msinunue mpira mpya kabla ya kukaza mlango.

Mpira wa milango ya nyuma una maana kuliko yote. Gari likienda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi mlangoni, nayo huleta moshi wa bomba. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, husinzia, na wenziwe husema ni malaria. Mama mwenye mimba akiivuta, mtoto aliye tumboni naye hukosa oksijeni. Kwa hiyo motokari yenye mgonjwa isiende na mlango wa nyuma wazi, wala na kioo cha nyuma wazi, hata kukiwa na joto. Fungueni hewa ya mbele na feni, ili hewa safi iingie kwa mbele na kusukuma vumbi nje.

Na bomba la moshi likianza kunguruma kwa sauti mpya, msilifunike kwa mazulia ili msisikie! Sauti ile ni mjumbe. Inasema bomba limetoboka, na sumu yaweza kuwa inapanda kupitia tundu la sakafu. Vivyo hivyo mlio wa chuma kwa chuma wakati wa kufunga breki, au mgongano wa resori mahali ambapo vipande vyake vya mpira vimekwisha. Hizo hutengenezwa garajini, hazizibwi.

Jihadharini pia msizibe matundu madogo yaliyo chini ya milango. Hayo yaliwekwa yatoe maji ya mvua. Yakizibwa, maji hukaa ndani na bati huoza.

Bati lipigalo kama ngoma

Njia ya tatu ni bati lenyewe. Piga paa au ubavu wa gari kwa ngumi. Likilia kama ngoma, litalia vivyo hivyo juu ya kila jiwe. Huko mijini huuzwa karatasi nzito za lami zenye gundi, zilizotengenezwa kwa ajili ya magari. Hubandikwa kwa ndani, juu ya bati lililosafishwa mafuta na kukauka. Si lazima kufunika bati lote. Kipande kilichoshika vizuri katikati hutuliza sehemu kubwa ya mtikisiko. Lakini lami ya kutengenezea barabara isitumiwe. Hunuka, huyeyuka kwa jua, na karibu na bomba la moshi yaweza kuwaka.

Sakafuni mpira mzito wafaa sana, kwa kuwa uzito wake huzuia sauti, nao huoshwa.

Nasema huoshwa, maana hapa wengi wenye nia njema hukosea. Huona heri kutandika mazulia na kubandika godoro la sponji kutani. Katika gari la mtu binafsi haidhuru. Katika motokari ya wagonjwa, sponji na zulia hunywa damu, matapishi na maji ya uzazi, wala klorini haifiki ndani yake. Kunguni hukaa humo. Moto ukitokea, sponji hutoa moshi wa kuua. Kila kinachowekwa sehemu ya mgonjwa kiwe na uso laini usionywa maji, kiweze kufutwa kwa klorini ya asilimia 0.5. Kama kitu hakioshwi, afadhali kelele. Tena wako wanaobandika trei za mayai. Hizo hazizuii kelele kuingia, bali zakaribisha mende tu.

Magurudumu nayo yasisahauliwe. Yenye meno makubwa huvuma juu ya lami, lakini ndiyo yatutoayo matopeni njia ya Walikale, basi tuvumilie uvumi wake. Upepo wake tu uwe kama ilivyoandikwa na watengenezaji kwenye mwimo wa mlango wa shofere. Gurudumu lililojazwa mno hupiga kila jiwe kama nyundo, na mgonjwa aliyevunjika mfupa hulipa.

Kelele iliyobaki

Hata baada ya kazi hiyo yote, mashini ya dizeli ya silinda 6 iko pale mbele, nayo haitanyamaza. Nabii Eliya kule Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto kabla ya kuisikia sauti ndogo. Ilimpasa kungoja vipite. Mwuguzi naye amwambie shofere asimame. Dakika mbili mahali pa usalama zatosha kupima tansio na kusikiliza kifua. Pasipowezekana kusimama, atumie macho na vidole. Afunge kitambaa cha tansio, ashike mshipa wa kifundo cha mkono, aachie hewa polepole. Pale mapigo yanaporudi ndicho kipimo cha juu. Cha chini hakipatikani kwa njia hiyo. Mtoto ahesabiwe pumzi kwa kutazama kifua: mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni ishara ya hatari, mwenye mwaka 1 hadi 4, ni 40 au zaidi. Mama aliyezaa atazamwe chini ya nguo mara kwa mara, asingojewe aseme.

Kabla ya kuondoka mpatane ishara. Mgonjwa akiinua mkono, anahitaji kitu. Mwuguzi akigonga mara moja nyuma ya kiti cha shofere, apunguze mwendo; mara mbili, asimame. Msindikizaji aketi mahali ambapo aona uso wa mgonjwa.

Shofere naye ana masikio. Wataalamu hupima kelele kwa desibeli, nao huweka mpaka wa 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, mpaka huo umefikiwa au umepita. Shofere akishuka jioni masikio yakilia, aje apimwe, asingoje mpaka mkewe aseme mara mbili. Uziwi wa namna hii hauponi kwa dawa.

Na bolti zikazwe upya baada ya kila safari ndefu. Mawe ya njia zetu hulegeza tena katika siku moja yale fundi aliyoyakaza kwa juma zima.