Kutoka Udongoni Hadi Damuni

Mitaa ya Owino Uhuru na Bangladesh, huko Mombasa, inafanana kwa mengi: nyumba zilizobanana, vichochoro vya vumbi, watoto wanaoshinda chini wakicheza. Kinachoitofautisha ni kiwanda. Ubavuni mwa Owino Uhuru kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, na hadi kilipofungwa mwaka 2014 kilikuwa kimetoa moshi na majitaka kwa miaka kadhaa. Baadaye watafiti walichukua udongo wa mitaa yote miwili. Wa Bangladesh ulikuwa na wastani wa miligramu 11.5 za risasi kwa kila kilo. Wa Owino Uhuru, 146.5. Wakapima na damu ya watoto. Katika Owino Uhuru, watoto 45 kwa kila 100 walikuwa na mikrogramu 5 za risasi au zaidi katika kila desilita ya damu. Katika Bangladesh, 15.

Kilicho muhimu katika utafiti huo ni kwamba haukuishia kwenye udongo. Sumu iliyolala ardhini haimdhuru mtu kwa kuwepo tu. Pana chanzo, pana njia, na pana mwili unaopokea, na mpimaji makini huvitafuta vyote vitatu kabla ya kutamka neno hatari. Kwa risasi, njia kuu ni mkono wa mtoto. Anatambaa uani, vumbi linaganda viganjani, vidole vinaingia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Ikishaingia hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na madhara yake makubwa huangukia ubongo ambao bado unakua. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Ndiyo maana anayepima kwa ajili ya watoto hachimbi shimo refu na kuridhika. Anakwangua sentimita chache za juu, anaukausha udongo, kisha anauchekecha kwa chekeche lenye matundu ya mikrometa 150, kwa sababu chembe laini ndizo zinazoganda mkononi. Maabara zenye uwezo huenda mbele zaidi: gramu moja ya udongo huo hutiwa katika mililita 100 za maji yenye ukali kama wa tumbo, yakiwa na joto la mwili, nyuzi 37, na huzungushwa kwa saa moja. Risasi iliyoyeyuka humo ndiyo inayokadiriwa kuwa ingeweza kufyonzwa. Udongo wa sehemu mbili unaweza kuwa na risasi sawa, lakini mmoja ukaiachia kwa urahisi na mwingine ukaishikilia.

Wastani nao unahitaji tahadhari. Kuanzia mwaka 1994 Marekani ilitumia miligramu 400 kwa kilo kama alama ya hatari kwa makazi. Januari 2024 ikashusha hadi 200. Wastani wa Owino Uhuru uko chini ya alama zote mbili! Afisa anayesoma tarakimu hiyo peke yake angeweza kufunga faili, huku damu ya watoto ikisema mengine. Mtoto hachezi katika wastani wa mtaa. Anacheza mlangoni kwao, na mlango mmoja waweza kuwa na risasi nyingi kuliko wa jirani. Sampuli zichukuliwe nyumba kwa nyumba.

Hewa iliyo ndani ya udongo ina tabia nyingine kabisa. Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe nchini Uingereza, nyumba ililipuka na kuwajeruhi watu watatu. Taka zilizofukiwa jirani katika machimbo ya zamani zilikuwa zikioza na kutoa methani, ambayo hulipuka ikifikia asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Gesi ilipenya kwenye nyufa za miamba hadi chini ya sakafu. Usiku ule kanieneo ya hewa ilikuwa imeshuka ghafla, nayo gesi ikapata nafasi ya kupanda. Aliyepima siku moja tulivu angeweza kuondoka akiwa amefarijika bure.

Kwetu miji inapanuka hadi kwenye majalala ya zamani, na vituo vya mafuta vimekaa ukuta kwa ukuta na nyumba za kupanga. Tangi la petroli likivuja, benzini, ambayo husababisha saratani ya damu, hupanda kama mvuke kupitia nyufa za sakafu. Kupima hewa ya chumbani peke yake hakutoshi, maana jiko la mafuta ya taa na pikipiki iliyolazwa ndani navyo hutoa benzini. Mpimaji hutoboa sakafu, huvuta hewa ya chini yake, huilinganisha na ya ndani na ya nje, kisha hurudi msimu mwingine.

Wakazi wa Owino Uhuru, wakiongozwa na Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikaifuta mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Pesa hizo ni haki yao, ila haziondoi risasi uani. Tabaka la juu la udongo lazima liondolewe au lifunikwe kwa udongo safi, na lipimwe tena. Hadi hapo, nyumba za mtaa kama huo zipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kavu, watoto wanawe mikono kabla ya kula, na nguo za anayefanya kazi ya betri zifuliwe mbali na zao.