Tarakimu 48: kwa nini fundi hafungui kompyuta iliyosimbwa

Mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga na kisha Kirumba, mashariki mwa Kongo, familia nyingi zilishika njia ya Lubero na Butembo zikiwa na vile tu walivyoweza kubeba. Kwa mwalimu, muuguzi au mwanafunzi anayemalizia kazi yake ya mwisho wa masomo, kompyuta ya mkono ni kati ya vitu vya kwanza kuingizwa mkobani. Sasa chukua mfano wa mashine ya namna hiyo. Imekaa wiki kadhaa bila moto, imebadilishiwa chaja, fundi ameigusagusa ili iwake. Inawaka, lakini badala ya jina la mwenyewe inaleta skrini ya buluu inayodai tarakimu 48. Mwenyewe anaapa kwamba neno lake la siri analijua, na kweli analijua. Ila hajaulizwa hilo.

Watu wengi hudhani kufungiwa nje ya akaunti ni shida ya fundi. Zamani ilikuwa hivyo. Kwenye kompyuta ambayo diski yake haikusimbwa, neno la siri la akaunti ni mlinzi wa getini tu, na anayejua njia ya uani hupita. Fundi huingiza flashi, huwasha mfumo mwingine, hufuta neno la siri la zamani, na mafaili yako yanabaki yalivyokuwa. Kwenye diski iliyosimbwa, mafaili yenyewe yamegeuzwa kuwa vurugu ya namba, na bila ufunguo hayasomeki. Ukiichomoa diski na kuipachika kwenye mashine nyingine, utakuta vurugu ileile.

Kwa upande wa Windows, kazi hiyo hufanywa na BitLocker, iliyoanza na Windows Vista mwaka 2007. Enzi hizo ilibidi mtu aiwashe mwenyewe. Siku hizi mashine nyingi hujisimba bila kumwuliza mtu, na toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, limeongeza idadi ya mashine za namna hiyo. Ukilisakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, usimbaji huwaka wenyewe na nakala ya ufunguo wa urejeshaji, yaani zile tarakimu 48, hutumwa kwenye akaunti hiyo.

Hapo ndipo mnunuzi wa kwetu anapoumia. Kompyuta iliyotumika inafika Butembo kutoka Dubai au Kampala, na muuzaji anamtengenezea mteja pale pale dukani. Mteja hana barua pepe, au ameisahau, kwa hiyo muuzaji anatumia yake. Mteja anaondoka na mashine inayofanya kazi vizuri, huku tarakimu 48 zimelala kwenye akaunti ya mtu mwingine. Zikihitajika baada ya miaka 2, muuzaji huenda amebadili namba, amehama, au naye ameisahau barua pepe hiyo.

Kwa nini zihitajike ghafla? Ndani ya mashine kuna chipu ya usalama, TPM, inayoutoa ufunguo wa diski kila asubuhi bila wewe kujua. Kabla ya kuutoa, hukagua kama mashine imewaka kwa njia ya kawaida. Ikikuta kitu kigeni, hukataa na kuomba tarakimu zile. Kitu hicho chaweza kuwa mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) iliyoguswa, sasisho la BIOS, bodi mama iliyobadilishwa, au fundi aliyeiambia mashine ianze kwa flashi. Mara nyingine basi, ile hatua ya kwanza ya kusaidia ndiyo inayofunga mlango.

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu mashine, jua umesimama kwenye mlango upi. Kama akaunti inakataa PIN uliyoizoea, huenda umekosea mara nyingi mno. Windows huiwekea chipu kikomo cha makosa 32, na husamehe kosa 1 kwa kila dakika 10 ambazo mashine imewashwa. Muda ambao imezimwa hauhesabiwi, jambo la kukumbuka kwa anayetegemea jenereta ya saa 3 za jioni. Kama umesahau neno la siri la akaunti ya Microsoft, unaweza kulibadilisha kwa simu yoyote yenye intaneti, mradi laini inayopokea namba ya uthibitisho bado unayo. Lakini kama skrini ni ile ya tarakimu 48, neno la siri halina kazi tena.

Kuna pia kosa dogo linalotupoteza sana sisi tuliosoma kwa Kifaransa: kibodi. Mwenye kibodi ya AZERTY akiandika Amani kwenye mashine inayoisoma kama QWERTY, kinachoingia ni Q;qni. Kwenye ukurasa wa kuingia, bonyeza alama ya jicho uone ulichokiandika, kisha angalia lugha ya kibodi pembeni chini. Wanaotumia Linux wawe waangalifu zaidi, maana neno la siri la diski huombwa mapema, na mara nyingine kibodi husomwa kama ya Kimarekani. Kwenye skrini ya BitLocker, vibonye vya F1 hadi F9 huandika 1 hadi 9, na F10 huandika 0, kibodi iwe ya aina yoyote.

Tarakimu hizo 48 zimepangwa katika mafungu 8 ya tarakimu 6, na kila fungu sharti ligawanyike kwa 11 bila baki. Fungu 135795 ni sahihi, kwa sababu ni 11 mara 12345. Ukiisoma ile 1 ya mwanzo kama 7, kosa la kawaida kwenye mwandiko wetu, unapata 735795, na hiyo haigawanyiki. Kwa hiyo karatasi iliyolowa mvua unaweza kuikagua kwa kikokotoo cha simu, fungu kwa fungu. Skrini pia huonyesha kitambulisho cha ufunguo. Kilinganishe na kile kilicho kwenye karatasi yako, usije ukahangaika na ufunguo wa mashine nyingine.

Kubahatisha hakusaidii. Funguo zinazowezekana ni nyingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 39. Fundi anayedai ana programu ya kuvunja BitLocker kwa dola 20 anauza upepo, na anayesema «tufomati» anasema kweli kuhusu mashine tu: itafanya kazi, lakini mafaili yatakuwa yamekwenda. Kama mafaili bado unayahitaji, iache diski ilivyo mpaka ufunguo upatikane.

Wakubwa nao hukwama hapo. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, na wahandisi wengi walilazimika kuandika tarakimu hizo mashine baada ya mashine. Waliokuwa na orodha ya funguo mahali pengine walirudi kazini mapema.

Je, tuzime usimbaji? Hapana. Katika eneo ambalo ofisi huporwa, kompyuta ya kituo cha afya ina majina ya wagonjwa, na ya shirika ina orodha ya waliohama. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, jina kuonekana kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa lilikuwa jambo zito huku Beni na Butembo. Kufuli hiyo haimtambui mwenye mali kwa sura wala kwa machozi. Inamtambua kwa ufunguo.

Basi fanya kazi hii leo, mashine ikiwa bado inafunguka. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: kisha nakili tarakimu 48 pamoja na kitambulisho chake. Tengeneza karatasi 2: moja ikae na vitambulisho vyako, nyingine kwa ndugu unayemwamini katika mji mwingine. Usiweke hata moja kwenye mkoba wa kompyuta. Na ukinunua mashine, usilipe pesa ya mwisho kabla muuzaji hajaitengeneza kwa barua pepe yako mwenyewe na kabla hujautia ufunguo mkononi.