Mkato wa Mshairi, Mkato wa Mwanasarufi

Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale Mombasa, ina mizani, yaani silabi, nne: ndi-a-ku-u. Sauti za “nd” hazitenganishwi, na “uu” huhesabiwa mara mbili. Mo-mba-sa ina tatu, na jina lake la kale, M-vi-ta, tatu vilevile, ingawa “m” ya Mvita haina irabu ya kuiegemea. Inasimama peke yake na kuhesabiwa silabi kamili.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobeba mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki 1840. Mshororo wa shairi lake una mizani 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Tungo hizo zilihifadhiwa vichwani na kwa hati za Kiarabu, kisha mmisionari William Taylor akazikusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Diwani ikachapishwa 1940.

Sasa lichukuliwe neno “aliowaandikia”. Mshairi hulikata a-li-o-wa-a-ndi-ki-a: silabi nane, neno moja limejaza ukwapi mzima. Mwanasarufi hulikata a-li-o-wa-andik-i-a, vipande saba, kila kimoja na kazi yake: mtenda, wakati uliopita, kirejeshi, watendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Mzizi “andik”, ambao mwanasarufi hauvunji, mshairi ameupasua mara mbili bila kujali.

Kiingereza nacho kina ugomvi huohuo. Kwa sikio, “transportation” ni trans-por-ta-tion. Kwa maana ni trans-port-ation: kuvuka, kubeba, kitendo. Mwanafunzi akishaijua “port” ya kubeba, huitambua tena katika “import” na “export”.

Wachapaji wenyewe hawakubaliani. Neno “knowledge” likikatika mwishoni mwa mstari, desturi ya Marekani hufuata matamshi, knowl-edge; ile ya Uingereza huangalia asili ya neno, know-ledge.

Kwa mzoefu wa mizani, mtego wa Kiingereza uko kwenye konsonanti. “Strengths” ina herufi tisa lakini ni silabi moja tu, kwa kuwa irabu inayosikika ni moja. Anayelisoma kwa sikio la Kiswahili huongeza irabu baada ya konsonanti, kama “bank” ilivyogeuka “benki” na “bus” ikawa “basi”. Kwa hiyo, katika neno refu la Kiingereza, ni salama zaidi kuanza kwa kutenga viambishi na mzizi, kisha kuhesabu irabu zinazosikika, si zilizoandikwa.