Nani Alishika Kamera? Wahindi wa Tanganyika kwenye Picha za Wakoloni

Mwaka jana nilikuwa TP kwenye shule moja ya sekondari wilayani kwetu Misungwi. Nikapewa Kidato cha Tatu, somo la Historia, mada ya uchumi wa kikoloni. Projekta hakuna, basi nikaenda steshenari nikachapisha picha moja kwenye karatasi ya A4, nikaizungusha dawati kwa dawati.

Picha yenyewe ni ya duka la bati lenye baraza. Ndani kasimama Mhindi wa makamo, kofia nyeusi kichwani, mikono juu ya kaunta. Nyuma yake majora ya vitambaa, juu zinaning'inia taa za chemli na makarai. Mbele wapo wanawake wawili Waafrika, wameipa kamera mgongo. Maelezo yaliyoandikwa chini ni mafupi tu: duka la Mhindi, Tanganyika. Jina hakuna, mwaka hakuna.

Kijana mmoja wa nyuma akauliza, kwa Kiswahili ingawa somo ni la Kiingereza (sote tunajua kinachoendelea darasani): "Sir, kwa hiyo huyu Mhindi naye alikuwa mkoloni?"

Zilibaki dakika tano. Nikajibu haraka: ndiyo, alikuwa mnyonyaji, wakala wa mkoloni. Darasa likacheka, na macho yote yakamgeukia binti mmoja wa mstari wa pili, pale dirishani. Babu yake mzaa baba alikuwa Mhindi, na mji mzima unajua. Kuanzia siku hiyo wakamwita Patel, jina ambalo wala si lao. Yeye ndiye aliyekuwa akinyoosha mkono kila swali. Wiki iliyofuata hakunyoosha hata mara moja. Msimamizi wangu, kwa taarifa yako, alinipa alama nzuri za kipindi kile.

Hilo lilinikaa rohoni. Nikarudi kwenye picha, na safari hii nikaziangalia nyingi. Nyaraka za Taifa za Uingereza ziliweka mtandaoni, mwaka 2011, maelfu ya picha za Afrika zilizokuwa za Wizara ya Makoloni. Ziko wazi kwenye Flickr, kama siku hiyo mtandao wa chuo umeamka vizuri. Ukipekua picha kama hizo za Afrika Mashariki unaanza kuona Mhindi anavyopewa nafasi zilezile: yuko kwenye reli, yuko dukani, au yuko kwenye msafara wa kumpokea Gavana.

Tuanze na reli, maana hapo ndipo tunapokosea wengi. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901, kutoka Mombasa hadi ziwani kwetu, pale Kisumu. Waingereza walileta vibarua wa mkataba karibu 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Takribani 2,500 walikufa, kwa magonjwa na ajali zaidi kuliko kwa wale simba wa Tsavo wanaopendwa na watengeneza filamu. Waliobaki baada ya mkataba hawakufika 7,000. Wengine wote walirudi kwao. Kwa hiyo ile habari ya kijiweni kwamba wenye maduka ni wajukuu wa vibarua wa reli ni kweli kwa wachache tu. Wafanyabiashara wengi walikuja kwa nauli zao, kutoka Gujarat na Kutch, wakifuata ndugu. Wengine walitangulia utawala wa Mwingereza: Allidina Visram, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa maduka kuzunguka Ziwa Victoria, alifika Bagamoyo mwaka 1863 akiwa bado mtoto.

Reli ilipogusa Kisumu, meli zikaanza kuleta shehena mpaka Mwanza. Hiyo ilikuwa enzi ya Mjerumani. Reli yetu ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, miaka mingi baadaye. Yaani kwa muda mrefu bidhaa zilitufikia kwa maji kutoka upande wa Kenya, na aliyezipokea gatini mara nyingi alikuwa Mhindi. Hata maneno yalishuka na mizigo: gari, bima, laki, godauni, kuli.

Sasa turudi dukani. Mwafrika kwenye picha hizi ni mnunuzi, Mhindi ni muuzaji. Ukiiangalia haraka unaona kama ni tabia ya watu: huyu kazaliwa na biashara, huyu kazaliwa na jembe. Mimi nililelewa na imani hiyo, na nadhani wewe pia.

Lakini mwaka 1923 serikali ya Mwingereza Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia Waafrika kukopeshwa. Ilisema hivi kwa ufupi: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, deni hilo halidaiwi mahakamani mpaka liwe limeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda mwenyeji asinaswe na madeni. Matokeo yake je? Duka dogo popote duniani linaanza kwa mali kauli. Mwenye duka la Misungwi alichukua jora la kaniki kwa mwenye duka kubwa la Mwanza, yule naye alichukua kwa wa Mombasa au Dar es Salaam, na wote walilipana msimu ukiisha. Mlolongo ule ulikuwa wa undugu na wa kuaminiana kati ya Wahindi wenyewe kwa wenyewe. Msukuma aliyetaka kufungua duka alikuta mlango umefungwa na sheria, kwa sababu tajiri gani atatoa mzigo kwa mtu asiyeweza kumshitaki? Na yule mkulima aliyekopeshwa jembe kienyeji, bila karatasi, alilipa bei ya juu, kwa kuwa mkopeshaji alikuwa anabeti.

Mhindi mwenyewe naye alikuwa na mstari wake wa kutovuka. Shule, hospitali, hata mishahara serikalini vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwaka huohuo wa 1923 wafanyabiashara wa Kihindi walifunga maduka nchi nzima wakipinga sheria mpya za leseni na kodi, mojawapo ikiwabana kuhusu kuandika vitabu vya hesabu kwa Kigujarati. Daftari, kitu ambacho kwenye picha hata hukioni, lilikuwa linagombaniwa.

Nisieleweke kwamba nasafisha watu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wa miaka kumi hivi alipokwenda na baba yake kuuza pamba, miaka ya hamsini mwanzoni. Nilipomwonyesha ile picha ya duka kwenye simu aliisogeza karibu na macho, akauliza kitu kimoja.

"Mizani iko wapi?"

Nikamwambia haipo.

"Basi hiyo picha ni ya sikukuu."

Viwanda vya kuchambua pamba kanda hii vilikuwa karibu vyote mikononi mwa Wahindi, kwa leseni za serikali, na pamba iliuzwa kwenye vituo vilivyotangazwa tu. Bibi anasema baba yake alijua uzito wa gunia lake kama anavyojua mtoto wake, na mizani ilikuwa na maoni mengine. Malalamiko hayo hayakuwa ya baba yake peke yake. Ndiyo yaliyowafanya wakulima wa Usukuma waweke watu wao wa kuangalia mizani vituoni, kisha wajenge vyama vya msingi, na mwaka 1955 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, Paul Bomani akiwa mbele. Kwa hiyo mwizi wa mizani alikuwepo. Ila aliyeamua pamba iuzwe kituo gani, na nani awe na leseni, hakuwa amesimama kwenye kaunta. Kwenye picha zile huyo haonekani, kwa sababu mara nyingi alikuwa upande wa pili wa lenzi. Ofisa wa wilaya anapiga picha ya "duka la Mhindi" kama anavyopiga ya "Msukuma na ng'ombe". Gavana ndiye anayeandikwa jina.

Picha hizo pia hazina watoto wa duka. Mwaka 1922 alizaliwa Mwanza mtoto wa familia ya Kihindi aliyekwenda kusoma Calcutta, akarudi, na mwaka 1958 akaingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, kwenye ule uchaguzi wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Huyo ni Amir Jamal, baadaye Waziri wa Fedha wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi. Nimesoma Mwanza tangu darasa la kwanza na jina lake nililisikia chuoni.

Na albamu za familia zenyewe, zile ambazo Mhindi anajipiga picha anavyotaka mwenyewe? Nyingi ziliondoka na wenyewe. Baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi zilihamia Uingereza na Canada. Picha ya ofisa iko kwenye simu yako bure. Ya bibi harusi wa Kihindi wa Mwanza iko kabatini Leicester au Toronto.

Tulichobakiwa nacho ni kile Wahindi walichotupiga sisi. Kazi ya studio ilikuwa yao kwa kiasi kikubwa. Zanzibar kulikuwa na Gomes, Mgoa, tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mwanza nako zilikuwepo. Nasema hivyo kwa ushahidi: ndani ya sanduku la bati la bibi kuna picha ya babu, nyuma yake kuna muhuri wa studio uliofifia na mwaka kwa kalamu, 1963. Babu kavaa koti ambalo bibi anasema lilikuwa la studio. Mkono mmoja uko kwenye kiti, kidevu kimeinuliwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa ainue. Anaitazama kamera moja kwa moja. Bibi anakumbuka kwamba mpiga picha aliongea Kisukuma, na kwamba alipandisha bei alipojua wanaoana.

Kipindi changu cha mwisho nilizibandika zote mbili ubaoni, ya duka na ya babu. Kwanza niliwaambia kwamba jibu langu la wiki zile lilikuwa bovu, na kwa nini. Kulikuwa kimya. Nikawauliza tofauti ya picha hizi ni nini. Wakataja koti, kiti, mgongo na uso. Kisha yule binti wa dirishani, bila kunyoosha mkono, akauliza lile pazia lililochorwa nyuma ya babu ni la wapi, maana kuna maji, mashua, na milima yenye kitu cheupe juu. Wa nyuma wakasema ni ziwa letu hili. Yeye akasema ziwa letu halina milima ya hivyo, huyo mchoraji alikuwa anakumbuka kwao. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana. Bibi anashikilia kwamba ni ziwa.